Stakabadhi

Msimu ule korosho zililipwa vizuri,
nami, Somoe binti Nnunduma wa Naipanga,
sikununua bati, sikununua kitanda cha chuma.
Nilinunua mtamba mmoja, mweusi, paji jeupe,
nikamwita Stakabadhi,
maana ndiye ile karatasi ya ghalani iliyoota miguu.

Sisi wa Nachingwea hatukuzaliwa na ng'ombe.
Kupe tulimjua kwanza kwenye hotuba:
baba akirudi mkutanoni, ngumi bado iko juu,
anatuambia kupe ni mtu anayekula jasho la mwenzake.
Nikakua nikidhani kupe huvaa suruali.

Kumbe ni mdogo kuliko punje ya ulezi
na hana haraka.
Hupanda hadi ncha ya jani, akalishika kwa miguu ya nyuma,
ya mbele akainyoosha hewani
kama mtu wa njia panda anayeomba lifti.
Anaweza kukaa hivyo mwezi. Anaweza kukaa miezi.
Hajui atapita nani. Anajua atapita mwenye joto.

Bwana mifugo alisema: usimtoe nje,
nje kuna maradhi, mfungie bandani, umletee.
Nikamletea.
Asubuhi bondeni na mundu, umande hadi magotini,
jioni tena, mzigo kichwani, shingo inaniwasha,
nasema ni nyasi.
Mimi ndiye niliyekuwa lifti.

Siku moja akaacha pumba.
Nikamfunua sikio: walikuwa humo, wamejipanga
kama mbegu za nyonyo, wanene, wanang'aa, wameshiba.
Nikachukua salfa ya mikorosho, ile ya ubwiriunga,
nikampulizia sikio hadi mkia.
Kupe wakaivaa kama poda ya harusi.

Josho?
Josho lipo. Lilijengwa nikiwa darasa la pili.
Masika ni la vyura,
kiangazi tunaanika makopa kwenye kuta zake.

Ng'wandu, aliyehamia na mifugo yake kutoka Usukumani,
hakuuliza kitu. Alipapasa chini ya sikio,
akakuta tezi kubwa kama yai la kanga.
Akaweka kiganja puani, kikarudi na povu.
"Ndigana kali," akasema.
"Wangu huipata wakiwa ndama. Wa kufa hufa, wa kubaki hubaki.
Wako huyu wa kisasa hakufundishwa."
Kisha, kwa sauti ya chini:
"Dawa ipo. Lakini ilikuwa ya juzi."

Pikipiki ya bwana mifugo ilifika saa kumi.
Kipimajoto kikasema arobaini na moja na nukta nane.
Sindano moja alikuwa nayo.
Ya pili tuliisubiri kutoka Masasi.

Usiku kucha alipumua
kama mtu anayepuliza moto wa kuni mbichi.
Niliweka mkono ubavuni. Ndama alicheza,
akacheza tena,
kisha mkono ukabaki pale peke yake.

Hili hakuna aliyeniambia:
kupe hafi na aliyemla.
Mwili ulipopoa walianza kushuka, mmoja mmoja,
bila kusukumana, kama wageni waliokwisha kunawa,
wakaingia kwenye nyasi nilizomwekea jana,
zile ambazo hakuzigusa.

Nilizichoma. Zilikuwa mbichi, zikatoa moshi tu,
na jirani akauliza ninapika nini mapema hivi.

Mmoja nilimkuta shingoni mwangu.
Nikamminya kwa kucha mbili.
Ikatoka damu nyeusi, ya kutosha dole gumba.

Bwana mifugo alikuwa bado anaandika gotini:
ng'ombe mmoja, jike, mweusi,
sababu ya kifo.
Akachana nakala, akaninyooshea.
Niliipokea kabla sijanawa,
na alama iko pale hadi leo, pembeni ya mhuri.
Sijui ni yangu. Sijui ni yake.